Namba, Tafadhali

Kijana wa ofisi kaja na bahasha ya kaki,
kavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Anaitwa Evarist. Kucha zake safi mno
kwa mtu aliyeshuka treni ya Tabora asubuhi hii.
"Bi Mwamvita, ni faili la zamani tu. Tunalifunga.
Tunahakikisha mambo mawili matatu."

Mawili matatu.
Mimi nilikuwa sikio la Posta ya Kigoma
miaka kumi na mmoja, zamu ya usiku,
plagi mkononi, nyaya mapajani kama utumbo wa mbuzi,
na sauti ile: Namba, tafadhali.
Wadaiwa niliwajua kwa pumzi,
wazinzi kwa walivyoinong'ona namba,
na mwaka ule wa foleni za sukari
nikapewa bwana mmoja wa kumsikiliza.

Mlinzi wa bohari la mawese, mtu wa ng'ambo,
kwenye karatasi zetu akiitwa Mgebuka.
Kila Alhamisi alipiga Bujumbura, akauliza bei,
akakohoa mara mbili, akakata.
Nami niliandika: saa, dakika, kikohozi.
Miezi saba.
Ukimsikiliza mtu miezi saba
unajua siku aliyolala njaa.
Usiku mmoja hakukata. Akasema, kwa waya mtupu:
"Dada wa simu, na wewe umekula?"

Basi.
Ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Amri ya kumkamata ilipita kwenye ubao wangu.
Niliichelewesha robo saa, nikapiga bohari.
"Migebuka imekwisha sokoni," nikasema.
Akanyamaza. "Basi tutakula ya chumvi."
Akashuka Katonga, akavuka na mtumbwi wa dagaa
uliozimwa karabai.

Kwenye ripoti nikaandika:
Kapanda treni. Behewa la tatu. Koti la kijivu.

Uongo ukishatoka hauombi ruhusa.
Waliipekua treni Kazuramimba, wakaipekua Uvinza,
na Nguruka, behewa la tatu,
wakamkuta mtu mwenye koti la kijivu.

Evarist anatoa picha, kona imeliwa na mende.
"Buheti, mchuuzi wa chumvi, Uvinza.
Alifia mahabusu. Inaonekana hakuwa yeye."
Analisoma jina kama anayesoma nauli.
"Unamfahamu?"

Kuliko marehemu mume wangu.
Najua watoto wake wanne na madarasa walipokomea.
Nilikwenda hadi uani kwake, nikajifanya mnunuzi;
mjane akanipimia kibaba, akaongeza kiganja.
Sikuila. Imo debeni mpaka leo, imekuwa jiwe.

"Simfahamu."

Anaandika. Mwandiko wake mzuri, wa shule za misheni.
"Na Mgebuka? Tunasikia yu hai ng'ambo,
kizee, anataka kusema kabla hajafa.
Anamtafuta mtu wa huku."

Ninampakulia. Mgeni hawezi kuondoka Gungu na njaa.
Ndipo simu inalia, pale mezani katikati yetu,
namba ndefu isiyo ya nchi hii.
Tunaitazama wote wawili.
"Pokea tu, Bibi."

Pumzi. Kikohozi.
Kikohozi.
Miaka arobaini na mbili; meno huondoka, macho huondoka,
pumzi ya mtu haibadilishi njia.
"Dada wa simu," inasema. "Umekula?"

Koo langu likarudi kazini bila kuniuliza,
lile la kiti kirefu, la zamu ya usiku:
"Samahani. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."
Nikakata.
"Matapeli," nikamwambia.

Evarist anacheka hadi bega linatikisika.
"Wamezidi siku hizi. Umemweza, Bibi!"
Anafunga faili, ananawa,
anamega ugali, anaonja samaki,
anasita.

"Samahani, Bibi," anasema. "Chumvi ipo?"